Nchi Iliyokwama Alfajiri

Niliingia Amkeni saa sita mchana, jua likiwa utosini, na mlinzi wa lango akaniuliza nimelalaje. Nikadhani ananidhihaki, na mimi si mtu wa kudhihakiwa nikanyamaza. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumjibu nilipoona kwamba amevaa ndara mguu mmoja. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi mpaka kwenye kifundo. Nyuma yake walikuwa wakipita watu, wanawake wenye makapu, wanaume wenye mafaili kwapani, na wote walikuwa wakichechemea kwa kiatu kimoja bila kuona haya.

Mlinzi akaniomba kiatu changu cha kushoto na kila karatasi niliyokuwa nayo. Kiatu akakitundika ukutani pamoja na vingine. Daftari langu la mashairi, ambalo nimelijaza kwa miaka mitano bila mwalimu na bila nakala ya pili, akalitia kwenye kikapu cha kwenda ghalani. Akasema nitarudishiwa vyote viwili kukikucha.

"Kumeshakucha," nikamwambia. "Jua hilo."

"Jua ni jua, bwana mdogo. Kucha ni tangazo."

Naeleza sasa jinsi nchi ile inavyoendeshwa, kama nilivyoelezwa na kama nilivyoona. Amkeni hakuna jambo linaloendelea kutoka jana. Kila alfajiri nchi huanza toka mwanzo, kana kwamba haijapata kuwapo. Mpiga mbiu husimama mlangoni pa Jumba na kuita idara moja moja: Moto, Maji, Macho, Masikio, na mwisho Ghala. Kila idara huitika, "Nipo." Zikishaitika zote, mtawala wa nchi, ambaye huitwa Mwinyi, huamka. Huletewa sanduku la siku kutoka ghalani, husoma karatasi zilizomo, kisha hutamka kwenye vipaza sauti vya mji, "Kumekucha." Hapo ndipo watu huvaa kiatu cha pili na mambo yote huwa halali, kuuza na kununua, kukamua, kuoa, kushtakiana. Kabla ya hapo kila mtu yumo usingizini kisheria, hata kama amesimama barabarani anamenya chungwa.

Nilipofika ilikuwa siku ya tatu Amkeni haijakucha. Karibu na lango nilimwona mwokaji akipambana na unga wake, umeumuka ukafurika beseni ukashuka hadi sakafuni, naye akiurudisha kwa viwiko, maana kuuoka ilikuwa kosa na kuutupa kosa jingine. Ng'ombe walikuwa wakilia kwa maziwa yaliyojaa. Barazani kwa watu aliketi bibi arusi ambaye hina yake ilianza kufifia, na ndugu zake wakimwambia avumilie, hajaolewa ila hajaachwa.

Mimi sikuweza kukaa kitako. Ndani ya lile daftari mlikuwa na beti mia mbili na kumi na nne ambazo hazimo popote pengine, hata kichwani mwangu, kwa sababu nikishatunga ubeti huutoa kichwani nipate nafasi ya mwingine. Nikauliza ghala liko wapi, nikachechemea hadi huko.

Ghala la Amkeni ni jengo refu la mawe lenye rafu mpaka darini, na karatasi za nchi nzima zimo humo. Sheria yao inasema kwamba kisichoandikwa ghalani hakijapata kuwapo. Mtu ana jina kwa sababu jina lake limo ghalani. Ana mke, shamba, cheo au ukiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtunza ghala alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, jina lake Kauthari binti Shee, mwenye sauti ya kukwaruza kwa ajili ya kuitikia mbiu miaka mingi. Nilimkuta juu ya ngazi anatafuna muhogo mbichi. Nikamwambia nimefuata daftari langu. Akasema halijaandikishwa, na haliwezi kuandikishwa mpaka kuche, kwa hiyo kwa sasa halipo.

"Mbona naliona pale?" nikauliza. Lilikuwa juu ya meza, hatua tatu kutoka nilipo.

"Unaona kisichokuwapo. Sote tuko hivyo siku hizi." Akanitazama mguu, kisha uso. "La nini?"

"Mashairi."

"Ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

"Ala, malenga." Akatafuna kwanza. "Basi, malenga, kesho jioni halitakuwapo kweli kweli. Wala mimi."

Akashuka, akaketi kwenye kipago cha chini cha ngazi, akanieleza. Jumba la zamani la Mwinyi lilikuwa linavuja. Waziri wa nchi, Bwana Makungu, akajenga jipya ng'ambo ya korongo, kubwa mara nne, lenye madirisha ya vioo na daraja jipya la kuliunganisha na ghala. Mwinyi akabebwa hali amelala, na kitanda chake, mto wake na chandarua chake, akalazwa ndani ya jumba jipya huku nchi nzima ikishangilia. Alfajiri ikafika. Mbiu ikapigwa, idara zikaitika, Mwinyi akaamka, akakaa kitandani, akangoja kidogo, kisha akazimia, na asubuhi ikaishia hapo.

Na sheria iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike haya. Asubuhi ikikwama, watu wa Amkeni hawaulizi imekwama kwa nini. Wanauliza nani aliyesikika mwisho, na huyo ndiye mkosaji. Mwinyi hufunikwa uso kwa kitambaa cha buluu, na juu ya kitambaa hushonwa kwa uzi mweupe jina la idara iliyoitika mwisho. Kitambaa kisha hutundikwa uwanjani ili kila mtu ajue ubaya ulipo. Moto wote huzimwa, watu wote hulala chini, na asubuhi huanzwa tena, mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Vitambaa vilikuwa vimefika vitano, na vyote vilisema GHALA.

Nikamuuliza vitafika vingapi.

"Vinane. Kwenye cha nane ghala hutiwa chokaa."

Kutia chokaa maana yake ni kwamba karatasi zote hutolewa zikachomwa, rafu na kuta zikapakwa mpaka ziwe nyeupe, na mtunza ghala akasindikizwa mpakani. Waziri alikuwa ameshatangaza kwamba nchi itaamka safi, bila jina na bila mpaka wa shamba, na kila mtu ataandikwa upya kadiri atakavyojieleza. Kuna waliokuwa wameanza kufanya mazoezi ya kujieleza.

Kauthari akaingiza mkono nyuma ya rafu ya chini, akatoa karatasi ndogo kuliko kiganja. Iliandikwa: Ruzuna, amezaliwa Jumatano, amefariki Ijumaa.

"Mwanangu," akasema. "Majirani wameshasahau. Baba yake alihama. Hii ikichomwa, hakuzaliwa. Na hapa kwetu kumtaja ambaye hakuzaliwa ni kosa, hata ukimtaja peke yako chumbani."

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nilihangaika kwa ajili ya Ruzuna. Nilihangaika kwa ajili ya beti zangu kwanza. Ruzuna alinijia baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kujionea aibu.

Alasiri hiyo nikasimama nje ya jumba jipya kutazama asubuhi ya sita. Moto ukazimwa mji mzima, watu wakalala kwenye vumbi wakafumba macho, hata mwokaji, hata bibi arusi. Mimi nilikataa kulala, askari akaandika kwamba nimelala. Mbiu ikalia. Moto ukaitika, Maji yakaitika, Macho, Masikio. "Ghala!" Na sauti ya Kauthari ikapita juu ya korongo, kavu, bila kutetemeka: "Nipo!" Kupitia dirisha la kioo nikamwona Mwinyi akiinuka, mtu mzima mnene mwenye uso mpole. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamemzunguka, wenye mapanga, wenye zumari, wenye pepeo za kumpepea. Akaketi, akapiga makofi mara moja, akangoja. Nikahesabu pumzi zake, maana mimi huhesabu kila kitu. Pumzi ya nane haikutoka vizuri, na akaanguka chali.

Kitambaa cha buluu kikaletwa papo hapo. Kilikuwa kimeshonwa jina tangu asubuhi, ili kuokoa wakati.

Baraza likakutana uwanjani chini ya vitambaa sita. Kwetu sijapata kuona baraza linalokutana mara nyingi namna ile bila kuamua jambo, na wanaonijua watajua kwa nini nasema hivyo. Palikuwa na Warudiaji, ambao ndio wengi, na hoja yao ilikuwa kwamba asubuhi irudiwe. Mmoja wao, mwenye shahada tatu, alisema kwamba mara nyingine kitu hukubali tu, na hakuna ajuaye sababu, na kutafuta sababu ni kukosa adabu kwa kitu chenyewe. Palikuwa na Wapakaji, waliotaka chokaa mara moja badala ya kungoja cha nane. Mzee mmoja wa Wapakaji alisimulia kwamba nchi ya jirani ilipakwa chokaa mara nne kwa mwaka na inang'aa. Alipoulizwa kama inakucha, akasema hilo hakuliangalia. Wengine walipendekeza mto wa Mwinyi ubadilishwe, wakakubaliwa, mto ukabadilishwa. Jambo moja halikuguswa na yeyote, na nilipolitaja kwa jirani yangu alinikanyaga mguu ule mtupu. Sheria inasema kilicho kipya hakishtakiwi wala hakihojiwi kwa muda wa miaka miwili. Jumba lilikuwa jipya, na daraja na wavushaji wake, watu wa kuvusha mizigo, walikuwa wapya.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Waziri, mimi ni mtunzi wa mashairi."

"Mwenye kiatu kimoja," sauti ikatoka nyuma, na baraza likacheka.

"Sote tuna kiatu kimoja," nikasema, na kicheko kikapungua. Damu ilikuwa imenipanda. Nikawaambia nilijifunza kutunga peke yangu, kwa kuhesabu mizani vidoleni, nane na nane, na kwa miaka miwili ya kwanza kila mstari wangu ulipovunjika nililaumu neno la mwisho. Nililibadilisha, nikalifuta, nikaweka jingine, na mstari ukabaki kilema. Mpaka nikajua kwamba neno la mwisho mara nyingi halina kosa lolote. Mstari ulikuwa umeharibika huko nyuma, ambako sikio halikutazama, na neno la mwisho ndilo lililofika likakuta nafasi haipo. Nikasema kwamba Ghala linaitika, na kila mtu anasikia likiitika. Kinachokufa ni kitu kati ya kuitika kwa Ghala na mkono wa Mwinyi.

Waziri Makungu alikuwa mtu nadhifu, mwembamba, anayesema polepole. "Kati yao kuna jumba langu," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ambalo ni jipya."

"Ndiyo."

"Basi hakuna kitu kati yao." Akafikiri kidogo. Nadhani aliona faida ya kuwa na mgeni karibu. "Tutampa kijana asubuhi ya saba na ya nane. Akishindwa, jina lake litashonwa pamoja na la Ghala, na daftari lake litangulie motoni. Tusimkatishe tamaa msomi."

Mimi si msomi, na yeye alijua.

Alfajiri nikafanya nilichojua kutoka kwenye ushairi. Mstari ukikataa, punguza maneno mpaka ubaki na mifupa. Nikawatoa watu wote arobaini na mmoja chumbani, mapanga, zumari na pepeo. Mwenye upepeo mkubwa alilia, alikuwa hajawahi kutoka chumbani humo tangu arithi kazi. Nikabakiza moto mmoja, Mwinyi, daraja na ghala. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba mmoja wa wale waliotoka ndiye mwenye balaa. Nilikuwa nimeshaanza hata kupanga nitakavyolieleza baraza, na mahali nitakapotua ili wapige makofi.

Mbiu ikalia. Ghala likaitika. Mwinyi akaamka, akapiga makofi mara moja, akangoja pumzi nane, akaanguka.

Kitambaa cha saba kilikuwa na majina mawili. La kwangu walikuwa wamelikosea.

Kauthari akanikuta nimeketi nyuma ya ghala. Hakunipa pole. "Kwa hiyo umewatoa wapepeaji," akasema. "Ahsante sana. Mwanangu atachomwa jioni, lakini wapepeaji wametoka."

Nikamwambia angalau sasa tunajua si wao. Akasema hilo hata yeye alilijua, wapepeaji hawajawahi kufanya lolote, jema wala baya. Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine, nilikuwa nikitazama nini asubuhi ilipokwama.

"Mwinyi."

"Na Mwinyi alikuwa akitazama nini?"

Nikafumba macho nikamwona tena. Alipiga makofi, na uso wake ukageukia kulia, ambako kulikuwa na mlango, na nje ya mlango kuna daraja. Alikuwa akingoja sanduku lake.

"Jumba la zamani alifanya hivyo hivyo," Kauthari akasema. "Anapiga makofi mara moja, mvushaji mmoja anakuja ghalani, anabeba sanduku moja, anampelekea. Miaka thelathini. Mimi hapa, tangu ahamishwe, hakuna aliyekuja kuchukua sanduku. Nimeitika, nimekaa na sanduku mapajani, hakuna mtu."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa nimesikika mwisho, kwa hiyo ninajitetea."

Tukaenda darajani. Nilikuwa nakwenda mbio, mguu mmoja mtupu na mmoja wenye kiatu, naye akiniambia nipunguze, nitaanguka korongoni na sheria itasema ni Ghala. Daraja jipya lilikuwa zuri ajabu, pana, la chuma, na wavushaji wake thelathini na wawili walikuwa wamesimama safu mbili, mikono nyuma, sare zimenyooka. Msimamizi wao aliitwa Faki, kijana wa umri wangu, mwenye kifua kilichotangulia. Tukatambuana mara moja, kama majogoo wanavyotambuana.

Akasema hatahojiwa, bado ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja.

Nikasema simhoji, nataka kujifunza. Nikamwomba anieleze ubora wa daraja lake. Hapo akafunguka. Wavushaji wa zamani walibeba sanduku moja moja, wakigongana. Wao walifundishwa miaka minane nchi ya mbali, wanabeba thelathini na mbili kwa mkupuo, na kila sanduku lina nambari yake. Mwenye kutaka huita nambari, na kabla hajafumba kinywa limeshafika. Hakuna daraja kama hilo.

"Na Mwinyi akipiga makofi?" nikauliza.

"Twasikia sana."

"Mnafanya nini?"

Faki akaonekana kushangaa kwa swali. "Tunafurahi. Kule tulikofundishwa, makofi ni pongezi. Kila asubuhi Mwinyi anatupongeza. Tunainama hivi." Akainama. Safu zote mbili nyuma yake zikainama.

Kauthari akashika ukuta wa daraja. Sikujua kama anacheka au analia, na nadhani naye hakujua.

"Na mlipoona anazimia kila mara?" nikauliza.

"Tuliona jina lililoshonwa," Faki akasema. "Tukamwonea huruma huyu dada."

Kosa lilikuwa limepatikana, na kulikuwa kumebaki saa tatu. Nikasema basi ni rahisi, Mwinyi afundishwe nambari. Kauthari akatikisa kichwa. Mwinyi yumo usingizini mpaka aamke, na akiamka hasikii la mtu, husikia la karatasi tu. Karatasi humfikia ndani ya sanduku, na sanduku humfikia kupitia daraja. Ili ajifunze kulivuka daraja, inabidi awe ameshalivuka. Tukasimama hapo tunalizunguka jambo hilo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Nilitembea kutoka ncha moja ya daraja hadi nyingine mara nane.

Kisha nikasema kwamba kama Mwinyi hawezi kuja kwenye ujuzi wa daraja, daraja liende kwenye ujinga wa Mwinyi, kwa asubuhi moja tu. Akipiga makofi, mtu mmoja akimbie, abebe sanduku moja, ampe. Ndani ya sanduku tutie karatasi ya kumwelekeza. Kauthari akadakia kwamba Mwinyi huamka kila siku na ile karatasi ya mwisho aliyoisoma, anayo ulimini, ndiyo kumbukumbu yake pekee. Ikikaa chini kabisa ya sanduku, kesho ataamka akijua nambari, na daraja linaweza kurudi kwenye fahari yake.

Faki akakataa. Alisema hakusoma miaka minane aje akimbilie makofi na sanduku moja begani, kama mchukuzi wa sokoni, mbele ya watu wake. Mimi nikamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika, naye akanijibu kwa yanayofanana nayo, na vifua vyetu vilikuwa vimeshagusana Kauthari aliposema jina lake taratibu.

"Faki. Cheti chako cha miaka minane umekiweka wapi?"

Akageuza uso kuelekea ghala.

"Rafu ya tatu, mkono wa kushoto," Kauthari akasema. "Nilikipokea mwenyewe. Kizuri, kina muhuri mwekundu. Na jina la mama yako liko rafu ya tisa. Mimi nina kimoja tu humo, nawe una viwili. Chokaa haitauliza nani alikuwa mpya."

Faki akatazama safu zake, kisha korongo, kisha viatu vyake. Wavushaji walikuwa na viatu vyote viwili, wao pekee nchini, kwa kuwa wapya hawahojiwi. Akavua cha kushoto.

Ikabaki karatasi. Maduka yamefungwa mpaka kuche, na kuandika juu ya karatasi iliyoandikishwa ni kuharibu uhai wa mtu. Karatasi pekee isiyoandikishwa katika Amkeni nzima ilikuwa daftari langu. Kauthari hakuniomba. Aliliweka mbele yangu, akaenda kusimama mlangoni na kunipa mgongo.

Nililifungua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna ambao ningeutoa. Mwishowe nikachagua wenye hasara ndogo, ukurasa wenye mstari mmoja tu, wa utenzi niliowatungia vijana wa kwetu nikauacha kwa sababu ulinishinda:

Amka uliyelala, jua limesimama

Kipande cha kwanza kina mizani nane. Cha pili kina saba. Nilikuwa nimeitafuta ile moja wiki nzima nikaikosa, nikakasirika, nikafungua ukurasa mwingine. Basi nikauchana ukurasa ule wa mstari mmoja. Nyuma yake nikaandika: Ukiamka kesho usipige makofi. Sema, Sanduku nambari moja. Kauthari akaukunja, akauweka chini kabisa.

Alasiri watu wakalala kwenye vumbi mara ya nane. Uwanjani walikuwa wameshakoroga chokaa. Harufu yake ilifika mpaka ghalani, nilipokuwa nimesimama kando ya Kauthari. Karatasi ya Ruzuna alikuwa ameitia ndani ya nguo, kifuani, jambo ambalo ni kosa kubwa kwa mtunza ghala. Mbiu ikaita. Moto. Maji. Macho. Masikio. Alipoitwa, safari hii alilikumbatia sanduku kwanza, ndipo akaitika.

"Nipo!"

Tukasikia makofi, mara moja. Halafu mlio wa mguu mmoja wenye kiatu na mguu mmoja mtupu ukija mbio juu ya chuma, ta, pu, ta, pu, na Faki akatokea anatweta, akanyakua sanduku, akageuka. Nikahesabu pumzi, zangu, kwa kuwa za Mwinyi sikuziona. Nilifika ya saba.

"Kumekucha," sauti ikasema kutoka ng'ambo.

Ilikuwa saa kumi kasorobo jioni. Mji mzima ukainuka kwenye vumbi ukakimbilia viatu. Sijapata kusikia kelele kama ile ya watu wanaovaa kiatu kimoja kwa pamoja. Ng'ombe wakakamuliwa, bibi arusi akaolewa akiwa anapiga miayo. Kauthari alirudisha karatasi yake nyuma ya rafu ya chini, akaibonyeza kwa kidole ikae, akaniambia nitoke, ana kazi.

Waziri Makungu alihutubia kabla jua halijazama. Alisema Warudiaji walikuwa na haki tangu mwanzo. Asubuhi ilirudiwa mara nane, na mara ya nane ikakubali. Baraza likapitisha sheria mpya siku hiyo hiyo, kwamba chochote kinachoamka kisiguswe, neno kwa neno, hatua kwa hatua, milele. Vitambaa saba vikaachwa uwanjani kama ukumbusho wa makosa ya Ghala. Jina langu halikutajwa, isipokuwa kwenye kile cha saba, lilipokosewa. Nilisimama kusema. Kauthari, aliyekuwa karibu, akanivuta shati nikaketi.

"Unataka wakuandike?" akaniuliza. "Wakikuandika, utakuwa mtu wao. Chukua daftari lako uende, mdogo wangu."

Sikulala vizuri, na kesho yake alfajiri nilikuwa langoni. Mlinzi alisema kiatu changu hawezi kunipa mpaka kuche, nikaketi kwenye jiwe na mguu wangu mtupu. Mbiu ikalia kule mbali. Idara zikaitika, na ya mwisho nikaisikia ya kukwaruza, haina haraka. Makofi hayakuja, na mlinzi akashika ukuta.

Sauti ya Mwinyi ikaja kupitia vipaza sauti vya mji mzima. Mwinyi alikuwa ameisoma karatasi yangu mbele na nyuma.

"Amka uliyelala," akasema, polepole, kama mtu anayesoma sheria, "jua limesimama."

Nikasimama. Vidole vyangu vilikuwa vinahesabu vyenyewe. Kila alfajiri, milele, nchi hii itafunguliwa kwa mstari mbovu kuliko yote niliyopata kutunga, na kuurekebisha ni kosa. Nilikuwa na beti mia mbili na kumi na nne kwapani. Ningeweza kuchana ukurasa wowote mwingine. Vidole vilifika saba, vikabaki vinaning'inia, nikakunja uso nikingoja aibu yangu ipite.

Mazoea ya miaka thelathini hayaishi kwa siku moja. Mwinyi akapiga makofi mara moja, hapo hapo penye pengo, ndipo akasema, "Sanduku nambari moja."

Nikakunja kidole cha nane. Darajani, bila shaka, walikuwa wanainama. Kulipotangazwa kwamba kumekucha, mlinzi akanirushia kiatu, nikakivaa, nikatoka.